‘Borrow’, ‘lend’ na magunia kumi ya dagaa

“Shikamoo mwalimu. Nauza dagaa hapa Mwaloni Kirumba, Mwanza. Tarehe 4 Mei nilimpa mteja wa Kampala magunia kumi kwa mali kauli, tukakubaliana atalipa baada ya wiki mbili. Wiki ya tatu imekwisha, kimya. Kiswahili chake ni cha kuombea maji, kwa hiyo nikamwandikia Kiingereza: ‘I borrowed you ten bags, please remember my money.’ Akajibu: ‘Which bags did you borrow from me?’ Nikapandwa na hasira, nikaona ameshaanza ujanja. Binti yangu wa kidato cha pili akasema, mama umekosea, inatakiwa ‘lend’. Kijana wa kibanda cha jirani akasema siku hizi watu wanasema ‘loan’. Kamusi yangu ndogo inaandika ‘borrow’ ni azima au kopa, halafu ‘lend’ ni azima au kopesha. Sasa azima iko pande zote! Nieleweshe taratibu, maana shule niliiacha zamani. Na je, kwa ujumbe ule nimejiandikia deni mwenyewe?”

Marahaba mama. Nianze na hasira yako, kwa sababu inaweza kukugharimu mteja. Huyo bwana huenda hana ujanja wowote. Umemwandikia sentensi ambayo kwa Kiingereza ina kasoro, na msomaji akikutana na sentensi yenye kasoro huinyoosha kichwani mwake kwa njia iliyo karibu. Njia iliyo karibu hapa ni kwamba wewe ulichukua magunia kumi kutoka kwake. Hakumbuki kukupa gunia hata moja, ndiyo maana anauliza magunia yapi. Ningekuwa mimi ningeuliza vilevile. Kama ana nia ya kukwepa tutaijua baadaye, lakini jibu lake hilo peke yake halimtii hatiani.

Sasa “borrow” yenyewe. Maana yake ni kuchukua kitu cha mtu kwa ahadi ya kukirudisha. Mwenye “borrow” ni yule anayepokea, siku zote. “Lend” ni kutoa kitu chako kwa mtu kwa ahadi kwamba kitarudi, na mwenye “lend” ni yule anayetoa, siku zote. Ni safari moja ya kitu kimoja, ila kila mwisho wa safari una kitenzi chake. Ukisimama upande wa mkono unaotoa, “lend”. Ukisimama upande wa mkono unaopokea, “borrow”.

Hapo labda utaniambia: hilo hata binti ameniambia, mbona bado nakosea? Unakosea kwa sababu Kiswahili chako ni kizuri. Nasema kweli, sikutanii. Tazama tunavyosema. Tuna kitenzi “kopa”, na tukitaka kuhamia upande wa mtoaji tunakiongezea mkia: “kopesha”. Kodi, kodisha. Panga nyumba, pangisha nyumba. Soma, somesha. Mzizi unabaki palepale, mkia ndio unaogeuza upepo. Mtu aliyelelewa na lugha ya namna hii akifika kwenye Kiingereza huchukua “borrow” kama mzizi, halafu hutafuta mahali pa kuning’iniza mkia. Hauoni. Kiingereza hakina “sha”. Kwa hiyo anafanya analoweza: anamweka mtu mbele ya kitenzi, “borrow you”, akiamini ameshasema “nilikukopesha”.

Na “azima” inazidi kutuponza, maana yenyewe haihitaji hata huo mkia. “Naomba kuazima jembe” na “niazime jembe” ni kitenzi kilekile. Kinachoonyesha jembe linakwenda wapi ni kile kisilabi kidogo “ni” kilichosimama mbele. Tena wakati mwingine hata hicho hakitoshi. Nikikwambia “jirani amekuja kuniazima sufuria”, hujui kwa sarufi peke yake nani mwenye sufuria. Unajua kwa sababu jirani ndiye aliyekuja, na mwenye shida ndiye huwa anatembea. Kamusi yako haikukudanganya basi. Iliandika ukweli, ila haikukuonya kwamba ukweli huo ni wa Kiswahili na haupandi boti pamoja nawe.

Yalinikuta na mimi. Nikiwa chuo cha ualimu nilimwendea mkufunzi mmoja mgeni nikamwambia kwa kujiamini, “Sir, please borrow me your bicycle.” Akanitazama, akatabasamu, akasema nijaribu tena. Nikaongeza sauti, nikidhani hakusikia. Baiskeli nilipewa, lakini maelezo nilikuja kuyapata miezi mingi baadaye, tena kwa kusoma mwenyewe.

Ujue pia kwamba hatuko peke yetu. Wajerumani, waliotuachia jina la lile jiwe la Bismarck pale ufukweni, wana vitenzi “leihen” na “borgen”, na kila kimoja hutumika kwa kutoa na kwa kupokea, kama “azima” yetu. Kiingereza cha zamani sana nacho kilikuwa na “borgian”, babu wa hii “borrow”, na babu huyo alibeba maana zote mbili. Shina lake lilihusu rehani na udhamini. Hata leo, katika majimbo ya kaskazini ya kati ya Marekani walikohamia Wajerumani wengi na watu wa Skandinavia, utawasikia wenyeji wakisema “borrow me a pencil” bila haya. Nigeria na Ghana husikika pia. Kwa hiyo sitakwambia kwamba “borrow me” ni ujinga. Nitakwambia kwamba katika Kiingereza cha maandishi, cha shule na cha biashara, inahesabiwa kosa, na katika mambo ya pesa ni kosa linaloweza kumgeuza mdai kuwa mdaiwa.

Njia ya kujikamata kabla hujakosea ni hii. Mahali pa kitenzi unachosita, weka kwanza “give” au “take”, maneno ambayo hata aliyeacha shule zamani hayachanganyi. “Give me your pen” inakaa vizuri? Inakaa. Basi “lend me your pen”. “Can I take your pen?” inakaa? Basi “can I borrow your pen?” Sasa jaribu “take me your pen”. Unasikia inavyogoma? Ndivyo “borrow me your pen” inavyogoma kwenye sikio la Mwingereza. Na kama “give” huenda na “to”, “lend” nayo huenda na “to”: “I lent my phone to my sister.” Kama “take” huenda na “from”, “borrow” nayo huenda na “from”: “I borrowed a phone from my sister.” Ukijikuta umeandika “borrow to”, simama hapohapo, umeshapotea njia. Wakati uliopita wa “lend” ni “lent”, “lended” haipo.

Neno moja la adabu kabla sijaendelea. “Niazime kalamu” kwetu ni ombi la kawaida, halina ukali. “Lend me your pen” kwa Kiingereza linasikika kama amri ya mwenye haraka. Tanguliza “could”: “Could you lend me your pen?” au “Could I borrow your pen?” Zote mbili ni sawa, na watu wengi hupenda ya pili kwa sababu inamtaja mwombaji badala ya kumsukuma mwenye mali.

Sasa nifike kwenye magunia, na hapa nitamkosoa binti kidogo, ingawa anastahili pongezi. Ukiandika “I lent you ten bags”, sarufi imekaa sawa, mkono unaotoa umetajwa vizuri. Lakini biashara yako haikuwa hiyo. Mteja akisoma hivyo anaweza kuelewa kwamba unataka magunia kumi ya dagaa yarudi Mwanza. Wewe huyataki. Unataka hela.

Hapa ndipo lugha hizi mbili zinapoachana, na hakuna kamusi ndogo itakayokuonyesha. Kiingereza, kikiona mali inahama, kinauliza kwanza: inaelekea wapi? Kiswahili kinauliza: kitakachorudi ni nini? Kama kitarudi kilekile, jembe lilelile, sufuria ileile, sisi tunaazima. Kama kilichochukuliwa kitatumika kikaisha na kurudi mfano wake au thamani yake, tunakopa. Kama kitarudi kilekile lakini kikiwa kimelipiwa muda wake, tunakodi. Na kama ni chumba, tunapanga. Ndiyo maana mtu wa Igoma hawezi kusema ameazima laki moja kwenye VICOBA bila watu kucheka kidogo. Noti haziazimwi, noti hukopwa. Kiingereza hakijali: jembe “borrow”, laki moja “borrow”, kitabu cha maktaba “borrow”. Hata maneno yanayohamia lugha nyingine, kama “safari” yetu ilivyoingia kwenye Kiingereza, wanasema yamekuwa “borrowed”, ingawa sijaona aliyerudisha.

Lakini kuna mahali ambapo “kukopa” yetu ni pana kuliko “borrow”, na mahali penyewe ni dukani na mwaloni. Sisi tunasema “nimekopa sukari kwa Mangi”. Hapo hukuchukua pesa, na sukari hutairudisha. Umenunua, ila malipo yako mbele. Kwa Kiingereza hiyo siyo “borrow”. Ni “I bought sugar on credit.” Upande wa mwenye duka, “I sold her sugar on credit” au “I gave her sugar on credit.” Unaweza ku-“borrow” sukari kwa jirani, kikombe kimoja, ukarudisha kikombe kimoja wiki ijayo. Kwa mwenye duka hapana.

Na mali kauli? Kiingereza hakina neno moja lenye utamu huo, la mzigo kuondoka kwa kauli tu na pesa kuja baadaye. Kuna njia mbili za kulisema, na lazima uchague kwa kuangalia mlivyopatana. Kama mzigo ulishakuwa wake siku ile alipoupakia, na hata ukinyeshewa njiani hasara ni yake, hiyo ni “on credit”. Kama mzigo ulibaki wako mpaka auuze, na asipouuza anaweza kukurudishia, hiyo ni “on consignment”. Ukisema moja ukimaanisha nyingine, siku dagaa wakiota ukungu mtagombana upya. Kwa ulivyoeleza, alipewa wiki mbili alipe, hakuna habari ya kurudisha, kwa hiyo mimi naichukulia kuwa “on credit”. Wewe ndiye uliyekuwepo. Kama nimekosea, sahihisha.

Kuhusu yule kijana wa kibanda: “loan” kama jina, maana yake mkopo, haina ubishi. Kama kitenzi, “he loaned me money”, ni ya kawaida kabisa Marekani, na Uingereza wapo walimu wanaoikunjia uso. Si kosa la kukufukuzisha mahali. Ila haitibu ugonjwa wako, kwa sababu nayo ni ya mtoaji, na magunia yako hayakuwa mkopo wa magunia.

Neno ambalo kwa kweli ulilihitaji siku ile ni “owe”, na naona hakuna aliyekutajia. Sisi tunapozungumza habari ya deni husimama upande wa anayedai: “namdai”. Kiingereza cha kila siku husimama upande wa anayedaiwa: “he owes me”. Sentensi inageuka kichwa chini. “Namdai laki mbili” inakuwa “He owes me two hundred thousand.” “Ananidai laki mbili” inakuwa “I owe him two hundred thousand.” Anayetafsiri neno kwa neno huanza na “I” kwa sababu Kiswahili kilianza na “na”, akaandika “I owe him”, na hapo kweli atakuwa amejiandikia deni. Wengine hukwepa kwa kuandika “I demand him”, ambayo haieleweki vizuri na ina harufu ya ugomvi. Kwa hiyo kabla ya kuandika, jiulize nani anatakiwa kutoa hela. Huyo ndiye aanze sentensi. Na uangalie usiiandike “own”, hiyo ni kumiliki. “He owns me” sidhani kama ungependa kumtumia mwanamume wa Kampala.

Kuna jambo la matamshi ambalo ni letu hasa watu wa kanda hii. Wengi tuliokulia kwenye Kisukuma tunabadilishana “l” na “r” bila kujua, na mwisho wa neno “d” na “t” hazisikiki tofauti. Matokeo yake “lend” na “rent” zinatoka mdomoni kama mapacha. “Lend me your boat” ni niazime mtumbwi wako, bure. “Rent me your boat” ni nikodishe, kwa malipo. Mtalii anayetaka kwenda kisiwa cha Saanane akisikia la kwanza ilhali ulimaanisha la pili, mkifika atakushukuru kwa moyo wako mwema na kuondoka. Ukiwa na shaka na ulimi wako, taja bei mapema. Bei haina lafudhi. Halafu tazama kichekesho: hiyo “rent” yenyewe hutumika kwa mwenye nyumba na kwa mpangaji pia, “rent to” na “rent from”. Waingereza wanaotucheka kwa “azima” wanayo ya kwao.

Turudi kwa mteja wako. Mtumie ujumbe mpya leo, usingoje ule wa kwanza ukomae. Mimi ningeandika hivi:

“Sorry, my last message was not clear. On 4 May I sold you ten bags of dagaa on credit. You agreed to pay me after two weeks. You have not paid yet, so you still owe me for all ten bags. Please tell me which day you will pay.”

Ongeza bei ya gunia na jumla yake, na useme ni shilingi za Tanzania, kwa sababu shilingi yao na yetu ni mbali. Kama mwanzoni mlizungumza habari ya “mukene”, ambalo ndilo jina la dagaa kule kwao, tumia neno hilohilo. Nimeanza na “sorry” makusudi. Inamfungulia mlango wa kujibu bila kuona aibu kama kweli alichanganyikiwa, na kama anakwepa, inamwondolea kisingizio cha kutoelewa. Ungeweza pia kumpigia na kumweleza kwa Kiswahili chake kidogo, na kwa wateja wengine ningekushauri hivyo. Kwa huyu, baada ya maneno kupinda kwa maandishi, ni heri yanyooshwe kwa maandishi.

Kwamba umejiandikia deni: mimi ni mwalimu wa lugha, si wakili, na sitajifanya. Ninachoweza kusema kama msomaji ni kwamba ujumbe wako uleule una maneno “remember my money”. Mtu aliyechukua mali ya mwenzake hadai hela yake. Ukisomwa mzima, pamoja na mliyoandikiana kabla ya tarehe 4 Mei, nia yako inaonekana. Lakini usifute kitu. Usifute ujumbe wenye kosa, usifute jibu lake. Sheria ya Miamala ya Kielektroniki ya mwaka 2015 inaruhusu ujumbe wa simu kupokelewa kama ushahidi, na ushahidi uliokatwakatwa humtia shaka hata mwenye haki.

Akijibu vizuri, yameisha. Akikana kabisa, au akinyamaza baada ya ujumbe wa pili, usiendelee kubishana naye kwenye simu kwa lugha usiyoimudu; kila sentensi mpya ni nafasi mpya ya kupinda. Onana ana kwa ana na wakili, au kama gharama inakushinda, na msaidizi wa kisheria. Hao wanatambuliwa kwa Sheria ya Msaada wa Kisheria ya 2017, na ofisi ya kata au ya ustawi wa jamii inaweza kukuelekeza walipo. Mpaka wa nchi umeingia katikati, na jambo la namna hiyo halitaki ushauri wa kibandani, wala wa mwalimu mstaafu.

Vivyo hivyo siku ukienda kuchukua mkopo. Tangu 2021 Kiswahili ndiyo lugha ya mahakama zetu kwa sheria, lakini karatasi nyingi za mikopo bado zinakuja kwa Kiingereza. Humo utakuta “the Borrower”, ambaye ni wewe, “the Lender”, ambaye ni wao, na pengine “the Guarantor”, ambaye ni mdhamini wako. Tafuta jina lako liko chini ya neno gani. Nimemjua mtu aliyedhani ametia saini kama shahidi kumbe ni mdhamini, na pikipiki yake ikaenda. Ukiambiwa uharakishe, sema karatasi unakwenda nayo nyumbani ikasomwe.

Na ukienda kwa huyo wakili, beba daftari la mzigo, lile lenye tarehe, idadi ya magunia na jina la gari lililopakia. Usiende na simu peke yake.